Kichanja Kilichooshwa Mara Nne

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mwambie Mama nimefika salama, chumba nimepata, na godoro lina bonde katikati lakini mgongo umeshalizoea. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua ukipewa simu utaitikia "eeh, eeh" halafu utamrudishia Mama bila kusikia neno hata moja. Masikio uliyaacha kwenye mashine ya kukata mabomba, basi tutumie macho.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi, ukaniomba nisikupe maneno ya vitabuni. Haya. Nafuga seli za ini. Zinakaa kwenye visahani vya plastiki, kila kimoja upana wa kifuniko cha chupa ya jemu, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Chakula chao ni maji yenye sukari na chumvi, rangi ya waridi. Zikiwa na afya zinakula taratibu, maji yanabaki waridi siku nzima. Zikisumbuliwa zinafakamia sukari bila kupata nguvu, zinatoa uchachu mwingi, na maji yanageuka manjano. Basi mimi nazitilia dawa fulani ya viwandani, kidogo sana, nangoja saa ishirini na nne, halafu naangalia ini limeishije siku yake ya kwanza baada ya kuguswa.

Visahani vingine sivitilii kitu. Hivyo tunaviita mashahidi. Wana kabati lao peke yao, wanakula na kulala, na kazi yao ni kutuonyesha ini ambalo halijaguswa linavyokuwa. Mashahidi wakiharibika, utafiti wote umeharibika, kwa hiyo nawadekeza kuliko wengine.

Nina ombi dogo. Kwenye mapipa ya ile dawa mnayooshea grisi hapo kiwandani kuna kibandiko chenye namba. Ninakilie. Ni udadisi tu.

Kichanja cha kabati la mashahidi kimeota kutu, na Profesa wangu anasema kipya tukitegemee mwakani. Nimepanga visahani juu ya kipande cha kigae. Usinicheke.

Mwanao,
Mfuga Ini


19 Februari

Mwanangu Mfuga Ini,

Marahaba. Nimekucheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tumekusomesha miaka ishirini ili uende kukaa na sahani, wakati hapa nyumbani zamu yako ya vyombo ilikuwa ikifika unaumwa tumbo ghafla.

Barua yako ilifika Jumanne. Mama yako ameifanyia vilevile kama zile za ulipokuwa shule ya bweni, ameinusa kwanza kabla ya kuifungua. Anadai inanukia mafuta yako ya nywele. Nikaichukua nikainusa mimi, ninayelipwa kwa pua, na sikusikia kitu. Karatasi tu. Nikamwambia anajidanganya, akaninyang'anya.

Namba za kwenye pipa nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Nimezikagua mara mbili.

Sasa sikia habari yangu. Unajua kazi yangu ilivyo: mabomba na koki zikitoka kukatwa zina grisi, zinatumbukizwa kwenye tangi, na mimi ndiye ninayesema dawa bado ina nguvu au imechoka. Kila saa nainamia tangi na kuvuta pumzi moja ndefu. Ikinukia utamu, bado. Ikinukia chuma kilicholowa, tunabadilisha. Miaka ishirini na miwili sijakosea, ndiyo maana hakuna anayenijua kwa jina, wote wananiita Pua. Basi fomeni ameniita ofisini na kuniambia wanataka kunifanya Msimamizi wa Tangi. Koti la buluu, ufunguo wangu mwenyewe, na mkataba wa miaka miwili zaidi kabla ya kustaafu. Nasaini tarehe thelathini Aprili. Mama yako anajifanya hajali lakini nimemsikia anamwambia jirani.

Pamoja na barua hii utapata mzigo. Nimekutengenezea kichanja. Nimetumia mabomba membamba yasiyoshika kutu, nimeunga mwenyewe na kuziba ncha zote ili uchafu usiingie ndani. Nilitengeneza viwili, kimoja ni cha jikoni kwa mama yako, pacha wa chako. Kwa kuwa chako kinaenda kwa watu wa usafi, nimekiosha kwenye tangi mara nne. Mara nne nimekiosha na mara nne nimekinusa, nikakipitisha. Hata hospitali hawana chombo safi kama hicho.

Wasalimie mashahidi.

Baba yako,
Msimamizi mtarajiwa


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Kichanja kimefika bila mkwaruzo. Profesa alikishika, akakigeuza, akaniuliza kimenunuliwa wapi. Nikamwambia hakiuzwi. Kimeingia kwenye kabati kama vile ulikuja kuchukua vipimo mlangoni. Nilifikiria nikiweke kabati gani, na mwishowe nikawapa mashahidi, kwa sababu kitu chako sikutaka kikae na dawa.

Hongera kwa koti la buluu. Nina maswali machache, na usiniambie nauliza sana. Unapoinamia tangi, uso unakuwa umbali gani na dawa? Feni ya ukutani bado inafanya kazi? Barakoa mnavaa? Unakula vizuri mchana? Usiku unalala? Ukiamka, mwili mwepesi au mzito?

Na huo mkataba, huwezi kuwaomba wakusubiri kidogo? Tarehe thelathini si mbali. Mtu haharakishwi kusaini.

Mwanao anayekupenda


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kwani umehamia polisi? Uso unakuwa umbali wa kutosha kunusa. Feni ilikufa mwaka juzi, lakini dirisha lipo. Barakoa ukivaa utanusaje? Nakula kama fundi na nalala kama gogo. Mwili ni wa mtu wa miaka hamsini na saba, haukusudii kuruka kamba.

Nilijaribu koti. Mikono mirefu, mama yako ataikunja. Wenzangu wamenipigia saluti pale getini, wanafiki wakubwa wale, lakini nimefurahi, sitakudanganya. Baba yangu alistaafu bila hata mtu kumshika mkono. Mimi nataka kutoka pale nikiwa na koti.

Usinipangie tarehe. Wewe fuga ini lako, mimi niachie pua yangu.

Baba yako


17 Machi

Mwanangu,

Mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema haraka. Baba yako anakuandikia uongo. Hali chakula. Anasukuma sahani na kusema ameshiba kazini, na kazini najua hajala kwa sababu chakula ninachomfungia kinarudi. Akifika nyumbani anakaa kwenye lile benchi la mlangoni ili avue viatu, na analala hapohapo na viatu vyake. Jumapili nilimwachia sufuria jikoni nikatoka kuanua nguo. Nimerudi nikakuta nyumba nzima ni moshi na yeye amekaa hatua tatu kutoka jikoni anasoma gazeti. Aliniuliza mbona nakohoa.

Na wewe pia unaficha jambo. Ulipokuwa mdogo ukificha kitu ulikuwa unauliza maswali mengi, na barua yako ya mwisho ilikuwa maswali matupu. Nimeisoma nikasema huyu anajua kitu.

Mwandikie. Umwambie kama lilivyo, hata kama litamuuma. Na umwambie ni mimi niliyekuandikia, simwogopi.

Mama yako


2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Kaa kwenye kiti cha dirishani, si kwenye benchi la mlangoni. Ndiyo, Mama ameniandikia, na amesema hakuogopi.

Nimekuficha mambo mawili. La kwanza ni zile namba ulizoninakilia. Ni namba zilezile zilizoandikwa kwenye chupa iliyo mezani kwangu. Nilizilinganisha siku ileile barua yako ilipofika, nikakaa nazo mwezi mzima kwa sababu ulikuwa umefurahia koti. Dawa ninayozitilia seli zangu kwa kiasi cha tone moja kwenye ndoo ndiyo hiyo unayoiinamia wewe kila saa.

La pili ni kichanja, na hili ndilo lililonichelewesha kuandika.

Wiki moja baada ya kukiweka kabatini, asubuhi niliwakuta mashahidi wangu maji yao ni manjano. Nilidhani ni uchafu, nikatupa kila kitu nikaanza upya. Baada ya siku moja, manjano tena. Nikazipaka seli zao rangi nyekundu inayoshika mafuta na kuzitazama kwenye hadubini. Vitone vya mafuta vimejaa ndani ya kila seli, sawasawa na zile nilizotilia dawa. Ini likiguswa na hii dawa linashindwa kuyachoma mafuta, linayaweka tu, kama mtu aliyechoka anavyorundika nguo kwenye kiti. Na nguvu zake zilikuwa zimeshuka karibu nusu. Profesa aliniuliza kwa upole kama huenda nimechanganya chupa. Sikulala vizuri siku hizo, Baba. Nilianza kujiona sifai kazi hii.

Jumatatu asubuhi nilitoa vyote ili nisafishe kabati. Nikashika kichanja kikiwa bado kina joto, nikakigeuza. Kwenye ncha moja ya bomba la chini, pale ulipoziba, kuna tundu jembamba kama la sindano. Tone moja likaangukia kwenye glavu yangu. Nikaisogeza puani, na sikuhitaji kipimo.

Ilikuwa harufu ya shingo yako. Ulipokuwa unarudi kazini mimi nikiwa mdogo, nilikuwa nakukimbilia getini, unanibeba, na mimi naficha uso pale kwenye kola. Miaka yote nimeamini ndiyo harufu ya baba, kwamba kila mtoto baba yake ananukia hivyo. Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara, na Profesa akanikuta hapo na kichanja mapajani.

Zile mara nne ulizokiosha, kila mara dawa ilipenya kwenye lile tundu na kubaki ndani ya bomba. Kwenye baridi ilitulia. Kwenye joto la kabati ikawa inatoka mvuke kidogokidogo. Na mimi kwa kukithamini nikakiweka kwa wale pekee ambao hawakutakiwa kuguswa. Kosa hili lisingefanywa na watu wengine ila sisi wawili. Wewe uliosha mno na mimi nilipenda mno.

Nimepima hewa ya lile kabati. Kilichokuwamo ni kidogo sana, na siku moja ilitosha. Wewe umeivuta miaka ishirini na miwili.

Sikwambii ini lako limeharibika. Sijui. Seli kwenye kisahani si mtu, hazina damu inayozunguka wala mapumziko ya Jumapili, na ini la mtu lina uvumilivu wake. Lakini hamu ya chakula imekwisha, unalala na viatu, na moshi umejaa nyumba hukuusikia. Pua yako haijachoka kwa uzee, Baba. Nadhani imeshikwa na harufu moja tu na kuziacha nyingine zote.

Usisaini. Nenda kapimwe damu, uwaambie unafanya kazi gani ili wajue cha kutafuta. Nataka uzeeke mpaka unichoshe kwa hadithi zako. Hasira zako nitazibeba, bora nikuwahi.

Mwanao


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na nane, na huna kawaida ya kuninyamazia. Labda barua imechelewa njiani. Labda haikuchelewa.

Nakuandikia jambo moja tu. Nilipotoa kichanja sikuwatupa mashahidi wote. Visahani sita nilivibakiza. Niliwapa chakula kipya na hewa safi, nikawaacha. Siku ya kwanza maji yaligeuka manjano kama kawaida. Siku ya pili yalichelewa kugeuka. Siku ya tatu niliwahi kazini kabla ya mfagiaji, nikafungua kabati, na yalikuwa waridi. Nikawatazama kwenye hadubini, vile vitone vya mafuta vimepungua, vingine vimekwisha kabisa. Nilimwita Profesa aje aone, akavuta kiti akakaa.

Kilichoguswa siku chache kiliachwa kikapona. Sina haki ya kukuambia miaka ishirini na miwili ni vivyo hivyo, na sitakuambia. Ila nilitaka ujue kwamba ini likiachwa lipumzike linajaribu.

Kichanja sijakitupa. Kiko juu ya meza yangu, nje ya kabati, karibu na dirisha lililo wazi. Sitaki ufikiri nilikichukia.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika kwa wakati wake. Niliyechelewa ni mimi. Mama yako amekuwa akiniuliza kila jioni kama nimejibu, na mimi kila jioni nimekuwa na kazi ya kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Sikukasirika. Niliona aibu. Nilituma zawadi kwa mwanangu, ikaenda kumharibia kazi, na yeye akaanza kujiona mjinga kwa ajili yangu. Nilisoma pale uliposema ulikaa sakafuni, nikakunja barua nikaiweka mfukoni, na sikuweza kuifungua tena kwa siku nne.

Halafu nikajiambia, huyu mtoto ni mtoto tu, huenda amekosea. Nisamehe, ndivyo nilivyosema. Nikachukua kile kichanja pacha cha jikoni, mama yako akilalamika kwamba vyombo ataweka wapi, nikakipeleka kiwandani wakati wa chai. Nikatandika gazeti juu ya benchi la kazi, nikachukua msumeno, nikakata bomba la chini mbele ya wenzangu wote. Walidhani Pua amechanganyikiwa. Nilipoliinamisha, gazeti likalowa. Mduara mpana kama sahani ya chai.

Kukosea kuunga, fundi yeyote anakosea. Lililonimaliza ni jingine. Kichanja kile nacho nilikiosha tangini na kukinusa kabla ya kumpa mama yako, nikakipitisha. Kimekaa jikoni kwangu miezi miwili. Mama yako alishaniambia mara mbili kwamba kuna harufu ya kiwandani karibu na vyombo, na mimi nikamwambia hapana, mimi ndiye Pua, mimi ndiye ninayejua. Nikainama pale pale juu ya gazeti, mbele za watu, nikavuta pumzi. Sikusikia chochote. Dawa ninayoijua kuliko uso wangu, iko chini ya pua yangu, na sikusikia kitu.

Nikamuuliza fundi wa koki, nikamwambia nusa wewe. Akarudisha kichwa nyuma na kuziba uso kwa mkono.

Basi kwa muda gani nimekuwa nainamia lile tangi na kusema "bado" na "badilisha" bila kusikia? Nadhani nilikuwa nasoma rangi, na mapovu, na mazoea. Nilikuwa navuta ule mvuke bure.

Niliwasomea barua yako. Si yote, ile sehemu ya kola niliiruka, hiyo ni yangu. Niliwasomea kuhusu maji ya waridi na manjano, na mafuta, na nguo kwenye kiti. Hakuna aliyecheka. Fundi wa koki akasema na yeye siku hizi chakula hakimwingii. Tukaenda kwa fomeni watu tisa. Fomeni alisema kwamba kipimo cha kuelea, kile kinachoonyesha nguvu ya dawa, kimo kwenye kabati lake tangu mashine ziliponunuliwa, kwenye boksi lake, hakijawahi kutolewa, kwa sababu walikuwa na Pua. Alisema hivyo kama ananisifu. Nilitaka ardhi ipasuke.

Sasa kipimo kinaelea kwenye tangi, tangi lina kifuniko cha bati nilichokikunja mwenyewe, na feni inatengenezwa. Tarehe thelathini niliingia ofisini na koti la buluu mkononi, limekunjwa, nikaliweka juu ya meza. Nilimwambia sisaini, na kwamba asimtafute mtu mwingine wa kunusa. Nimeomba stoo. Nahesabu koki na kugawa skrubu, na dirisha langu linaangalia uani.

Nimekwenda kupimwa. Daktari ni msichana kama wewe, anaongea polepole akidhani sielewi, kumbe sisikii. Nilimwandikia kwenye karatasi dawa yenyewe na namba zake. Amesema vipimo vya ini vimepanda, si vya kutisha, lakini si vya kuchezea. Nirudi baada ya mwezi, halafu baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza ini litarudi? Akasema tuliachie nafasi tuone. Nikamwambia mwanangu ameshaniambia maneno hayohayo, tena bila kunitoa damu.

Kwa hiyo mimi sasa ni kisahani chako cha saba. Umeniweka kwenye hewa safi, tusubiri.

Baba yako,
asiye na koti


18 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, watu wananipita kwa mabega. Koti la buluu linauma, najua, na sitajifanya kwamba haliumi. Lakini watu tisa kwa fomeni ni kitu ambacho hata Profesa hajawahi kufanya na karatasi zake zote. Nimempa habari. Amesema anataka kukuandikia yeye mwenyewe, na ameniagiza nikuulize ulikunja vipi kile kifuniko.

Tumerudia utafiti tangu mwanzo, kila kisahani juu ya kigae, na safari hii mashahidi wamesimama imara. Na wale sita waliopona, Profesa amesema wapewe sehemu yao kwenye taarifa. Nilitakiwa kueleza waliguswaje. Nimeandika, "kwa bahati mbaya, kupitia kichanja." Nilitaka kuandika zaidi, lakini wanataka maneno machache.

Kula. Hata kama hakuna hamu, kula kidogo. Na uniambie ukweli, maana Mama ana kalamu.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amekaa hapa pembeni anahakikisha nasema kweli, kwa hiyo kila neno lina shahidi.

Nakula. Bado si kama zamani, ila sahani sisukumi. Benchi la mlangoni nalitumia kuvulia viatu, na viatu vinatoka. Vipimo vya mwezi huu vimeshuka. Daktari alinionyesha namba mbili, ya zamani na ya sasa, akapiga mstari chini ya ile ndogo. Amesema safari bado, miezi mitatu mingine, na nisijidai nimepona. Nimemwahidi.

Nimekutumia kichanja kingine. Hiki si cha bomba, ni vyuma vitupu, hakuna ndani, hakuna pa kujificha kitu. Sikukiosha. Sikukifuta hata vumbi. Kimetoka mikononi mwangu na alama zangu za vidole, mama yako amegombana na mimi kwamba nakuaibisha. Kioshe mwenyewe kwa sabuni, zamu yako imefika.

Kuna jambo jingine, na sijamwambia mtu zaidi ya mama yako. Wiki iliyopita nilikuwa stoo, mvua ikaanza uani, na mimi nikainua kichwa nikijiuliza kuna nini. Ilikuwa harufu ya vumbi linaloloa. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilisimama dirishani mpaka fundi wa koki akaja kuuliza kama anapewa skrubu au hapewi. Siku mbili baadaye nikasikia sabuni kwenye shati langu. Inakuja na kuondoka, siku nyingine siisikii kabisa. Sijui itarudi yote, na daktari naye hajui.

Barua yako ya mwisho ilipofika mama yako alikuwa anaosha vyombo, ana mikono ya povu. Nikamwahi. Kwa mara ya kwanza tangu uanze kutuandikia nikaichukua mimi kwanza, nikaisogeza puani bila kuifungua, nikavuta kidogo.

Mama yako alikuwa anasema kweli. Ni mafuta yako ya nywele, yaleyale aliyokuwa anakupaka yeye ukienda shule, na mimi nilikuwa napita pembeni nikilalamika mnachelewa. Miaka yote barua zako zilikuwa zinafika hivi nyumbani kwangu, na mimi nikisema ni karatasi tu.

Nilimpa mama yako aifungue na kunisomea kwa sauti ya juu, kwa sababu macho yangu wakati huo hayakuwa yanaona vizuri. Endelea kuandika.

Baba yako